Mtani Aliyevaa Koti la Silvano

Esteria hakuwa mtu wa kusimama mbele ya picha na kukunja uso kama anayetafuta stesheni redioni. Alikuwa afisa ugani wa kata, mwenye stashahada ya kilimo, na wakulima wote walijua kwamba akiingia shambani atakuambia mahindi yako yana viwavi kabla hujamkaribisha. Kizuri alikiita kizuri, kibovu alikiita kibovu, kisha akaendelea na safari yake. Kwa hiyo asubuhi ile, alipoingia kwenye ghala la zamani la viazi pale Lushoto mjini, lililopakwa chokaa na kugeuzwa ukumbi wa maonyesho, mpango wake ulikuwa mfupi: aitazame picha ya binti yake, amwambie ukweli, anywe chai, arudi kwenye vitalu vyake vya nyanya.

Ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Harufu ya rangi ya mafuta ilikuwa imetawala, lakini chini yake harufu ya viazi ilikuwepo bado. Kuta zote zilijaa watu. Kijana mmoja wa Bungu, Abdallah, alikuwa amewachora wadogo zake wakipalilia tangawizi. Mwingine, Valentino, alimchora dereva wa bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake mdomo wazi. Hapakuwa na tembo, wala mlima, wala mrina asali wa kuwauzia watalii. Mashindano yalikuwa ya wachoraji vijana wanaochora watu, na mshindi angepewa nafasi ya kuishi miezi tisa katika nyumba ya wasanii iliyoko juu ya mji: chumba chenye madirisha makubwa, rangi bila kubana, na mwalimu wa kumkosoa kila siku. Sharti kubwa lilikuwa moja. Uliyemchora awe mtu hai, aliyekaa au kusimama mbele yako mwenyewe. Kunakili picha za simu marufuku.

Loveness, binti yake, aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kwa miaka mitatu alikuwa akichora vichwa vya wanawake kwenye kuta za saluni na ng'ombe kwenye maduka ya dawa za mifugo, na usiku akichora vyake mwenyewe kwenye banda ambalo zamani lilikuwa la kuku. Esteria hakuwahi kumkataza. Alimwambia tu, "Kama ni kuchora, chora mpaka watu wakutafute. Sitaki mchoraji wa kubahatisha kwenye nyumba yangu." Na ukweli ni kwamba hakuwa na shaka naye. Alikuja kutazama mazao, siyo kuuliza kama mbegu zimeota.

Picha ya Loveness ilikuwa ukuta wa mwisho, peke yake, kubwa kama mlango. Esteria aliifikia, na mkoba ukamteleza begani.

Silvano alikuwa amesimama pale.

Koti lake la sufu la kijivu, lenye kiraka cha ngozi kwenye kiwiko. Kofia yake ya pama, imesukumwa nyuma. Kidole kimoja juu, kile kidole alichokuwa akikiinua kwenye mikutano ya kamati ya maji, akitangaza, "Tusipotezeane muda, ndugu zangu," halafu akawapotezea mchana mzima. Kichwa kimelala upande, kwa sababu sikio moja lilikuwa zito. Goti moja limekakamaa, tangu gogo lilipomwangukia akipasua mbao. Tumbo limetangulia mbele kama linalokwenda kufungua kikao. Huyo alikuwa mumewe, waliyemzika mwezi Novemba nyuma ya migomba, na sasa yuko ukutani. Na analia. Kinywa kimefunguka kana kwamba anamalizia mzaha, lakini macho yamejaa na shavu moja limelowa mpaka kidevuni.

Esteria alisimama muda mrefu kuliko alivyopanga. Halafu jicho lake, ambalo halikuzoea kupumzika, likashuka kwenye goti. Goti lile alikuwa amelisugua dawa ya kuchua kila jioni ya ndoa yake. Goti bovu la Silvano lilikuwa la kushoto. Kwenye picha, lililokakamaa lilikuwa la kulia.

"Mzigua!" alisema kwa sauti.

Loveness, aliyekuwa amesimama nyuma yake akitafuna kucha, akacheka kwa pumzi ya kutua mzigo. "Nilijua utamjua, mama. Tangu jana watu wanapita hapa wananipa pole."

Mzigua mwenyewe aliitwa Mwanaidi binti Ibrahimu, mfanyabiashara wa Magoma, kule chini mlima unapoishia. Alipanda kununua kabichi na karoti, akateremka kuziuza. Alikuwa mtani wa Silvano. Wazigua na Wasambaa ni watani tangu mababu, wanatukanana wakicheka na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini utani wa wale wawili ulikuwa umepita kiasi. Walipokutana sokoni biashara ilisimama. Na Silvano alipokufa, Mwanaidi alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Siku ya matanga, watu wamekaa kimya na mchungaji anaandaa sala, alitoka ndani ya nyumba amevaa koti la marehemu na kofia yake, anachechemea, kidole juu. "Tusipotezeane muda, ndugu zangu. Nimekufa, sawa. Lakini nani ameshika zamu ya maji leo?" Msiba mzima ukaanguka kwa kicheko. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Siyo mguu huo!" na kicheko kikaanza upya. Mwanaidi siku zote alikosea mguu. Alimjua Silvano kwa kumtazama usoni, wakisimama wanatukanana ana kwa ana, na mguu wa kushoto wa aliye mbele yako uko upande wa kulia kwako. Msiba ulipoisha aliondoka na koti na kofia, maana ni haki ya mtani, na tangu siku hiyo alimwita Esteria "mke wangu".

"Alisimama lini?" Esteria aliuliza.

"Siku za soko, akipita kuelekea Lukozi. Wewe ulikuwa kazini. Alisema mchora marehemu bila mtani atachora maiti, kwa hiyo alikuja na koti."

"Na machozi?"

Loveness aliitazama picha badala ya kumtazama mama yake. "Yalimtoka siku ya mwisho. Alikuwa anamwigiza baba, ananichekesha, mara yakamtoka. Nikamwambia apumzike. Akasema nisipoteze muda. Halafu akajifuta kwa mkono wa koti, akaniambia nikimwambia mtu atanilaani kwa Kizigua."

"Na umeutangazia ulimwengu."

"Sijamwambia mtu, mama. Nimechora."

"Hajaiona?"

"Bado."

"Ungemwonyesha kwanza. Hilo ni kosa, na ni lako." Esteria aliokota mkoba wake. Kisha akarudi hatua nyuma, akaipima picha juu mpaka chini kama anayepima mstari wa miche. "Mkono wa kushoto ni mfupi kidogo. Mengine yote yako mahali pake. Utashinda."

Hakuwa amemaliza sentensi vizuri wakati sauti nzito ilipojaa mlangoni. Kristian, mdogo wake Silvano na mzee wa kanisa, alikuwa ameingia na suti yake ya Jumapili, na pole za watu zilikuwa zimemfikia kabla ya picha. Aliiendea moja kwa moja. Alivua kofia. Akasogea mpaka karibu na uso ule, kisha hasira ikampanda.

"Nani ametoa ruhusa?"

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Loveness.

"Marahaba. Nani ametoa ruhusa ya kumtundika kaka yangu kwenye ghala la viazi? Mwaka haujaisha! Na unamliza! Umewahi kumwona baba yako analia, wewe? Gogo lilimvunja goti akaomba chai!"

"Huyo siyo baba. Kibandiko kiko hapo chini, soma."

Kristian alisoma kwa sauti, neno moja moja, kama shahidi mahakamani. "'Mtani. Aliyesimama: Mwanaidi binti Ibrahimu.' Mwanaidi!" Akawageukia watu waliokuwa wanajikusanya. "Mimi na huyu tumetoka tumbo moja. Tumelala kitanda kimoja mpaka nilipobarikiwa kanisani. Leo mtoto ananiambia kaka yangu ni mwanamke wa Magoma!"

Watu wengine walicheka, wengine wakatikisa vichwa. Majaji walikuwa watatu, na mkubwa wao, Bi Rukia, mchoraji wa siku nyingi kutoka Tanga mjini, alikuja akiwa amevaa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Alimsikiliza Kristian mpaka mwisho. Alimsikiliza Loveness. Esteria naye akaeleza habari ya goti.

"Mchoraji anaweza kukosea goti," Kristian alimjibu. "Shemeji, unamtetea mwanao, nakuelewa."

"Simtetei. Nimeshamwambia mkono ni mfupi."

Bi Rukia alivua miwani moja na kuvaa nyingine. "Sikilizeni. Picha hii naipenda, sitaficha. Lakini ndugu wa damu ananiambia huyu ni marehemu, na watu wote humu wanamtambua marehemu. Nikimpa nafasi binti aliyechora kutoka kwenye picha ya simu, nimewaibia hawa wenzake waliosimamisha watu. Huyo Mwanaidi kama yupo, aje. Saa kumi tunatangaza. Asipokuja, picha inatoka kwenye mashindano."

Loveness alikuwa ameshapiga simu. Ilipokelewa katikati ya makelele ya soko. "Shangazi, naomba uje Lushoto, ni muhimu..." Sauti ya Mwanaidi ilisikika mpaka kwa majaji: "Niache, mtoto wa Kisambaa, nimesimama kwenye kabichi! Hapa nikiondoka naibiwa na ndugu zako!" Simu ikakatwa. Ilipopigwa tena, haikupokelewa.

Loveness aliweka simu mfukoni. "Basi, mama."

"Basi nini? Yuko Lukozi. Lukozi siyo mbinguni." Esteria alikuwa tayari anafunga kitenge juu ya suruali yake ya kazi. "Wewe baki hapa, simama karibu na picha yako. Mtu akikupa pole, mwambie asante. Usibishane na baba yako mdogo, ana uchungu wa kweli."

Alipanda bodaboda nje ya ghala. Barabara ilipita kwenye msitu wa Magamba, ukungu ukimlowesha kope, na kila dereva alipotaka kuongea Esteria alimwambia atazame mbele. Njiani alimfikiria Silvano kwa hasira kidogo. Mtu amekufa na bado anawasimamisha watu kazi.

Soko la Lukozi lilikuwa limefurika. Magunia ya viazi, matenga ya nyanya, karoti zinazooshwa kwenye mfereji, wanawake na wanaume wanapigiana bei kwa Kisambaa. Esteria hakuhitaji kuuliza. Alifuata kicheko. Mwanaidi alikuwa amesimama juu ya lundo la kabichi, amevaa koti la kijivu lenye kiraka cha ngozi, mikono ya koti imekunjwa, ushungi umefungwa chini ya kofia ya pama.

"Jamani, mke wangu kaja!" alipiga kelele. "Amechoka kulala peke yake! Mama, nimekufa, niache nipumzike!"

Soko likacheka. Zamani Esteria angetabasamu kidogo na kupita. Utani hakuuweza, na Silvano alikuwa akimwambia hivyo: wewe ukitaniwa unajibu kama unatoa maelekezo ya mbolea.

"Shuka. Twende Lushoto."

"Kufanya nini? Wasambaa mna nini Lushoto zaidi ya mafua?"

"Loveness amekuchora. Picha iko ukutani, watu wanaitazama. Shemeji yangu anasema siyo wewe, ni Silvano. Usipofika kabla ya saa kumi, mtoto anaondolewa kwenye mashindano."

Mwanaidi alishika kiuno. Kabichi moja ilibingirika chini. "Kristian? Anasema mimi ni Silvano?"

"Anasema walilala kitanda kimoja."

"Hee!" Mwanaidi aliruka kutoka kwenye kabichi kama msichana. Alimwita jirani yake amtazamie mzigo, akamtishia kwa mambo ambayo hayaandikiki, kisha akasimama na kujipukuta koti. "Nimependeza kwenye hiyo picha?"

Esteria hakuwa mzoefu wa kusema uongo. "Umefanana."

Walirudi mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, jambo ambalo Esteria alikuwa amelikemea kwenye mikutano ya hadhara mara nyingi. Mwanaidi alikaa katikati, akaimba njia nzima, na kila walipompita mtu alimsalimia kwa sauti ya Silvano.

Walipoingia ghalani, dakika zilikuwa zimebaki chache, na majaji walikuwa wameshakusanyika mbele. Mwanaidi hakumsalimia mtu. Alisukuma kofia nyuma, akatanguliza tumbo, akainua kidole, akaanza kuchechemea katikati ya ukumbi, kwa mguu wa kulia.

"Tusipotezeane muda, ndugu zangu!" Ilikuwa sauti ile ile, na kikohozi kile kile kabla ya neno. "Nasikia nimefufuka. Nasikia mdogo wangu Kristian amenitambua. Kristian! Lile jembe langu ulilochukua mwaka wa njaa liko wapi?"

Ukumbi ukapasuka. Hata wale wasiomjua Silvano walicheka, kwa sababu waliona mtu aliye ukutani anatembea. Abdallah wa Bungu alipiga makofi. Kristian mwenyewe alishika mdomo. Mtani huwezi kumkasirikia, na zaidi ya hapo, jembe alilichukua kweli.

"Mimi ni mzima," Mwanaidi aliendelea kwa sauti yake, akivua kofia. "Anayetaka anifinye, lakini asiwe mwanaume. Haya, nionyesheni hiyo picha."

Watu walimpisha. Aliifikia, kofia mkononi, bado anacheka. Kisha akaacha.

Esteria alikuwa karibu naye, akaona namna macho ya Mwanaidi yalivyopanda kutoka kwenye goti mpaka tumboni, mpaka kwenye kidole, mpaka usoni, yakakwama kwenye shavu lililolowa. Ukumbi ulisubiri mzaha. Hakuna mzaha uliokuja.

"Mama," Bi Rukia alisema kwa upole, "tunataka neno lako tu. Huyu ni wewe?"

"Hapana."

Loveness alivuta pumzi.

"Huyo siyo mimi," alisema Mwanaidi, na akavaa kofia yake mpaka kwenye nyusi. "Koti ni langu. Kofia yangu. Mtu simjui. Mtani halii. Mtani akilia kwenye msiba, huo ni msiba gani? Nani atawachekesha wafiwa? Mimi sijawahi kulia. Mwulizeni yeyote kutoka hapa mpaka Magoma."

"Mnaona?" Kristian alisema, lakini bila nguvu, alikuwa anamtazama mwanamke yule kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Shangazi," Loveness alisema, "nilipaswa kukuonyesha kwanza. Nisamehe. Ukitaka niiteremshe, naiteremsha sasa hivi."

Alikuwa anamaanisha. Mikono yake ilikuwa tayari kwenye fremu. Majaji walitazamana, na Bi Rukia akaitazama saa ya ukutani.

Esteria alijua ukweli, na aliujua kwa ushahidi wake mwenyewe. Siku ya matanga alikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni, akamkuta Mwanaidi ameinama kwenye rundo la magogo, amezika uso kwenye mkono wa koti la Silvano. Hawakusemeshana. Esteria alichukua kuni zake, akarudi kwenye masufuria. Angeweza sasa kusimama na kusema: Bi Jaji, niliona, tarehe fulani, mahali fulani. Ungekuwa ushahidi safi. Na ungemvua Mwanaidi nguo mbele ya watu, na Mwanaidi angekataa mpaka kaburini.

Kwa mtani kuna njia moja tu ya kusema jambo.

Esteria aliweka mkoba wake chini. "We Mzigua," alisema. "Nivulie koti."

"Koti ni haki yangu!"

"Sikunyang'anyi. Niazime. Nataka nimwonyeshe Bi Jaji mtu fulani."

Labda ni mshangao, maana Esteria hakuwahi kumwita Mzigua uso kwa uso tangu wajuane. Mwanaidi alivua. Esteria akalivaa. Lilinuka kabichi na moshi, na ndani kabisa kwenye kola, bado lilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua. Hakujipa nafasi ya kuifikiria. Alitoa kofia kichwani kwa Mwanaidi, akaibandika juu ya kilemba chake. Kisha afisa ugani wa kata, mama wa watu, aliyekuwa anajulikana kwa kufunga mikutano kwa wakati, akashika kiuno, akatikisa mabega na kutembea kama Mwanaidi binti Ibrahimu anavyotembea sokoni, kama mtu anayesukuma mlango kwa nyonga.

"Ha! Ha! Wasambaa mna mafua!" alipiga kelele kwa lafudhi ya Magoma. Ilikuwa lafudhi mbaya sana. "Mimi silii! Mimi Mzigua, machozi niliyauza Korogwe!" Akaenda mpaka ukutani, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi wa kuku. Akainama. Akazika uso kwenye mkono wa koti. Mabega yakaanza kumruka. Kisha akapenga kamasi kwenye sufu ile kwa sauti ambayo ililigonga bati la ghala. Akainuka ghafla, kidole juu: "Nani kaona? Hakuna aliyeona! Ni moshi wa kuni!"

Kwa muda mfupi hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Loveness alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Halafu sauti ikatoka, nyembamba, kama mfuniko wa birika unaosukumwa na mvuke. Alikuwa Mwanaidi. Alicheka mpaka akajikunja, akashikilia bega la Kristian asianguke, na Kristian akamshikilia, naye anacheka, na machozi yakawatoka wote wawili hadharani, chini ya taa za umeme, mbele ya majaji watatu.

"Mke wangu ana vituko!" Mwanaidi alipiga kelele. "Miaka yote hiyo Silvano ananiambia ameoa gogo!"

"Ni wewe au siyo wewe?" Esteria aliuliza. Alikuwa anahema.

"Ni mimi, mwanaharamu we! Ni mimi! Kwanza sipengi kamasi hivyo." Alijifuta kwa kiganja, akaigeukia picha, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Sasa aliitazama taratibu. "Nililia, Bi Jaji. Mbele ya huyu mtoto, na nyuma ya jiko la huyu mama yake. Alikuwa mtani wangu. Sasa nani atanitukana vizuri?" Akamgeukia Loveness. "Isiteremke. Lakini goti umekosea, mbona umenipa la kulia?"

Ukumbi mzima, pamoja na Kristian, ukamjibu kwa pamoja kwamba goti siyo kosa la mchoraji.

Bi Rukia alivua miwani zote mbili na kuzifuta. Majaji hawakuondoka hata kwenda kwenye kona. Walinong'onezana pale pale, vichwa pamoja, na mmoja alionekana akinyoosha mkono wake wa kushoto, akiupima kwa macho. Kisha Bi Rukia akasema kwamba wachoraji wote wamefanya kazi ya heshima, kwamba dereva wa bodaboda wa Valentino atakumbukwa, na kwamba chumba chenye madirisha makubwa ni cha Loveness Silvano kuanzia mwezi ujao. "Ndugu wa damu aliapa kuwa huyu ni kaka yake," alisema, "na mtani wa marehemu anaapa kuwa ni yeye mwenyewe. Wote wawili wamesema kweli. Sijaona mchoraji wa umri huu akiwaweka watu wawili ndani ya koti moja. Mkono wa kushoto ni mfupi, tutaushughulikia."

"Nilisema," Esteria alimwambia binti yake.

Loveness alimkumbatia, rangi ya kidoleni ikaacha alama kwenye kola ya koti. Kristian alikuja karibu. Alisema kwamba kanisani hawapaswi kusikia habari za jembe. Kisha akamwuliza Loveness, kwa sauti ya chini, kama picha ile, mashindano yakiisha, inaweza kukaa sebuleni kwake siku moja moja.

"Nitakufikiria, baba mdogo," alisema Loveness. "Ukirudisha jembe."

Nje ukungu ulikuwa umeanza kutoka na mikalitusi ilionekana tena. Mwanaidi alikuwa na haraka, kabichi zake zilikuwa mikononi mwa Wasambaa. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshawasha. Mwanaidi alimnyooshea Esteria mkono.

"Koti."

Esteria alikuwa amelisahau mwilini. Alilivua, akakunjua kola, akaondoa uzi uliokuwa unaning'inia kwenye kiraka. "Kifungo cha juu kimelegea. Ukipita Jumanne nitakishona."

"Shangazi," alisema Loveness, "nikianza kule kwenye nyumba ya wasanii, utaniachia koti niendelee kulichora?"

"Kulichora utalichora nikiwa ndani yake. Koti hili ni langu mpaka nife." Mwanaidi aliingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akapanda nyuma ya dereva na kuivuta kofia. "Na nikifa, linarudi kwa mama yako. Nimeshamwona, ataniweza. Ila kule kupenga kamasi," alipiga kelele pikipiki ikianza kuondoka, "akafanye mazoezi!"

Esteria aliitazama pikipiki mpaka ilipokata kona ya soko. Kisha akajaribu tena, taratibu, bila mtu kumwona isipokuwa binti yake, ule mwendo wa nyonga.

"Bega la kulia lishuke kidogo, mama," alisema Loveness.

Esteria akalishusha.